Jimbo, viti maalum au uteuzi: upitie mlango gani kuingia bungeni Dodoma?

Wanaotaka ubunge wengi huanza kwa kuuliza wagombee lini. Waanze kwa kuuliza wapitie wapi. Wote wanaokaa ukumbini Dodoma huitwa "Mheshimiwa" na mshahara haubagui aina ya kiti, kwa hiyo kwa mtazamaji wa televisheni mbunge ni mbunge. Ndani, tofauti ni kubwa.

Bunge lililochaguliwa 2020 lilikuwa na nafasi 393: majimbo 264, viti maalum vya wanawake 113, uteuzi wa Rais 10, wawakilishi 5 kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2025 majimbo yaliongezwa hadi 272. Wale watano wa Zanzibar huchaguana wenyewe kwa wenyewe ndani ya Baraza, na Mwanasheria Mkuu huingia kwa cheo chake. Milango ya kuichagua ni mitatu basi: jimbo, viti maalum, uteuzi.

Tunapima kwa lipi

Kwa kila mlango tutauliza mambo matano: nani anakupa kiti, inakugharimu nini, kazi yako inakuwaje ukishaapa, nani anaweza kukuondoa, na unaweza kupanda hadi wapi. La nne ndilo watia nia wengi hulisahau, nalo ndilo limewatoa wengi bungeni kabla ya miaka mitano kuisha.

Kabla ya yote, hakikisha unakidhi sifa za Ibara ya 67 ya Katiba: raia wa Tanzania, umri wa miaka 21 au zaidi, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na ni mwanachama uliyependekezwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hayupo. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo miaka mingi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ikampa ushindi 2013, lakini sheria ya nchi haijabadilika. Ndugu zetu wa ughaibuni nao wajue: Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, hivyo aliyechukua pasipoti ya nchi nyingine amejifungia milango yote kwa mkupuo.

Mlango wa kwanza: jimbo

*Nani anakupa kiti.* Kwa karatasi, wapiga kura wa jimbo. Kwa hali halisi ni hatua tatu, na ya kwanza huua wengi: kura za maoni ndani ya chama. Msemo wa "wajumbe si watu" uliotapakaa 2020 haukuzuka hivihivi. Mwaka huo Paul Makonda, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliacha cheo akaenda kugombea Kigamboni, akaangushwa na Dkt. Faustine Ndugulile kwenye kura za maoni za CCM. Mwaka 2025 CCM ilipanua wigo wa wanaopiga kura hizo ili wajumbe wachache wasiwe rahisi kununuliwa. Lakini kushinda kura za maoni bado si kuteuliwa. Jina hupanda vikao vya juu, na huko huweza kukatwa hata kama uliongoza. Mtia nia anayefanya sherehe usiku wa kura za maoni hajaijua CCM.

Hatua ya pili ni kuteuliwa na Tume ya Uchaguzi kuwa mgombea, na hapa wapinzani ndio wameumia zaidi. Unachukua Fomu Na. 8B kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Unatafuta wadhamini wasiopungua 25, wote wakiwa wapiga kura walioandikishwa ndani ya jimbo hilohilo. Unaapa tamko lako mbele ya hakimu, unaweka dhamana ya shilingi 50,000, unapata saini na muhuri wa chama, kisha unarudisha fomu siku ya uteuzi kabla ya saa 10:00 jioni. Pingamizi huwekwa hadi saa 10:00 jioni ya siku inayofuata, na ukienguliwa unakata rufaa kwa Tume.

Wanaoenguliwa mara nyingi huponzwa na vitu vidogo: jina la kwenye fomu halifanani na la kwenye kadi ya mpiga kura, mdhamini ameandikishwa jimbo la jirani, nafasi imeachwa wazi, tarehe haijajazwa, muhuri haupo. Kusanya wadhamini wa akiba. Jaza nakala ya mazoezi kwanza. Na usirudishe fomu saa tisa na nusu. Ukiambiwa kuna kosa huna tena muda wa kurudi kwa hakimu.

Hatua ya tatu ndiyo kura zenyewe.

*Inakugharimu nini.* Ada za fomu na dhamana ndizo ndogo kuliko zote. Kinachokausha mfuko ni mawakala. Piga hesabu: jimbo lenye wapiga kura 90,000, ukikadiria 450 kwa kituo, lina vituo 200. Hao ni mawakala 200, pamoja na wa akiba, kila mmoja na barua ya utambulisho, kiapo, nauli, chakula na posho, na wengine wanalala kwenye kata zisizofikika kwa siku moja. Wakala asiyekula tangu asubuhi huondoka saa kumi na mbili jioni, wakati hesabu ndiyo inaanza. Kazi yake ya mwisho ndiyo uliyomlipia: kutoka kituoni na nakala iliyosainiwa ya Fomu Na. 21B yenye matokeo ya ubunge. Mgombea asiye na nakala hizo akisema ameibiwa, hana cha kumwonyesha jaji.

Kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayoweka ukomo wa matumizi na kutaka mapato na matumizi yaelezwe. Kuna pia rushwa, ambayo zamani ilivaa kanzu ya "takrima", yaani ukarimu kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoivua 2006. Gharama nyingine haiandikwi popote: miaka mitatu minne ya misiba, harambee za makanisa na misikiti, jezi za timu za kata, ada za watoto wa watu. Usipotokea msibani leo, utakumbushwa siku ya kura za maoni.

*Kazi ukishaapa.* Wewe ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha zake hazijengi barabara, ila zinamalizia boma la zahanati, zinanunua bati za madarasa, zinaonekana. Unaingia pia vikao vya halmashauri. Kwa upande wa pili, simu yako haizimiki.

*Nani anaweza kukuondoa.* Wapiga kura baada ya miaka mitano. Mahakama, kwa kesi inayofunguliwa ndani ya siku 30 baada ya matokeo kutangazwa: Godbless Lema wa Arusha Mjini alivuliwa ubunge na Mahakama Kuu Aprili 2012, akarudishiwa na Mahakama ya Rufani Desemba mwaka huohuo. Na chama chako. Zitto Kabwe aliingia 2005 kwa kura za Kigoma Kaskazini, lakini Chadema ilipomfukuza uanachama 2015, kura zile hazikumsaidia; kiti kilikwenda. Alirudi mwaka huohuo kupitia Kigoma Mjini akiwa na ACT-Wazalendo. Hapo ndipo faida ya jimbo inapoonekana: chama kilichukua kiti, watu wakabaki wake.

*Unapanda hadi wapi.* Popote. Muhimu zaidi, Ibara ya 51 inataka Waziri Mkuu atoke kwa wabunge wa kuchaguliwa majimboni. Sumaye alitoka Hanang, Lowassa Monduli, Pinda Mpanda, Majaliwa Ruangwa. Mlango mwingine haufiki huko.

Mlango wa pili: viti maalum

*Nani anakupa kiti.* Chama, moja kwa moja. Katiba inatenga kwa wanawake viti visivyopungua asilimia 30, na vinagawiwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge. Kila chama hupeleka Tume orodha ya majina kwa mpangilio wa kipaumbele, na Tume huhesabu kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo una maswali mawili tu ya kujiuliza: chama changu kitavuka asilimia 5? Na jina langu litakuwa namba ngapi? Mwaka 2015 viti 113 viligawanywa hivi: CCM 66, Chadema 37, CUF 10. Miaka mitano baadaye CCM walikuwa na 94, Chadema 19, na hakuna chama kingine kilichopata hata kimoja. Mwanamke aliyekuwa namba moja kwenye orodha ya chama kidogo mwaka ule alibaki nyumbani.

Ndani ya CCM njia kuu ni UWT, jumuiya ya wanawake ya chama: fomu mkoani, kura za mkutano wa UWT wa mkoa, kisha vikao vya juu. Zipo pia nafasi za makundi, kama vijana kupitia UVCCM, Wazazi, wenye ulemavu, wafanyakazi na vyuo vikuu. Binti wa miaka 26 aliyekulia kwenye matawi ya vyuoni akipambana na makada wa UWT waliokaa mkoani miaka 20 anajiumiza bure. Mlango wa vijana ndio unaomfaa.

*Inakugharimu nini.* Pungufu ya jimbo kwa mbali, kwa sababu wapiga kura wako ni wajumbe wa mkoa, watu unaoweza kuwajua kwa majina. Ila wametawanyika. Mkoa wenye wilaya sita au saba ni safari ndefu, na wajumbe wanataka kukuona wilayani kwao. Na kwa vile ni wachache, kila kura ina bei kubwa machoni mwa mwenye nia mbaya. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, hawakosekani kwenye mikutano hii.

*Kazi ukishaapa.* Unawakilisha mkoa mzima bila kuwa na jimbo, na Mfuko wa Jimbo haukuhusu. Ukitaka kununua vyerehani kwa kikundi cha kina mama, unatoa mfukoni au unatafuta wafadhili. Ukizuru kata moja mara tatu, mbunge wa jimbo anaanza kulalamika kwenye vikao kwamba unamnyemelea. Mara nyingi yuko sahihi. Bungeni kwenyewe lakini hakuna upungufu: unauliza maswali, unaingia kamati, unaweza kuwa waziri. Anayetaka kubobea kwenye afya, ardhi au sheria za ndoa ana muda ambao mwenzake wa jimbo hana.

*Nani anaweza kukuondoa.* Chama kikikufukuza, huna wapiga kura wa kukimbilia, na nafasi yako inajazwa kutoka orodhani bila uchaguzi mdogo. Julai 2017, mgogoro wa CUF ulipokuwa umepamba moto, wabunge wake 8 wa viti maalum walivuliwa uanachama. Spika akaridhia, na ilipofika Septemba wengine saba walikuwa wameshaapa. Kesi ya wanawake 19 wa Chadema, wakiongozwa na Halima Mdee, ilikwenda kinyume: waliapishwa Novemba 24, 2020, chama kikasema hakikuwateua, kikawafukuza siku tatu baadaye, wakakaa bungeni huku shauri likiwa mahakamani. Vyama viwili, Katiba ileile, mwisho tofauti. Usipange maisha yako kwa kutegemea kwamba mahakama itakulinda, wala kwa kutegemea kwamba haitakulinda.

*Unapanda hadi wapi.* Uwaziri, ndiyo. Uwaziri Mkuu, hapana, mpaka upate jimbo. Ndiyo maana wanaojua hesabu hukitumia kiti hiki kama ngazi. Ummy Mwalimu aliingia kwa viti maalum 2010, akawa waziri, kisha 2020 akachukua Tanga Mjini. Halima Mdee aliingia kwa viti maalum 2005 na kuchukua Kawe 2010. Rais Samia Suluhu Hassan alianzia viti maalum vya Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, akagombea jimbo la Makunduchi 2010, na 2015 akawa mgombea mwenza. Anayegeuza viti maalum kuwa makazi ya kudumu hukutana na wenzake wa UWT wanaodai zamu yao, na hoja ya ukomo wa vipindi viwili haiishi midomoni mwao.

Mlango wa tatu: uteuzi wa Rais

Huu tutaupita haraka, kwa sababu haugombewi.

*Nani anakupa kiti.* Rais peke yake, nafasi zisizozidi 10, na angalau 5 lazima ziwe za wanawake. Mwanaume basi anawania nafasi tano kwa nchi nzima, na mara nyingi hazijazwi zote kwa pamoja. Rais huweka akiba. Sababu yake ni kwamba mawaziri lazima watoke bungeni, hivyo akimhitaji mtaalamu aliye nje, humpitishia hapa. Kikwete alifanya hivyo 2012 kwa Profesa Sospeter Muhongo na Saada Mkuya. Magufuli kwa Dkt. Philip Mpango, Profesa Joyce Ndalichako na Profesa Palamagamba Kabudi. Jambo ambalo wengi hawalijui: sharti la kupendekezwa na chama halimo kwa hawa. James Mbatia wa NCCR-Mageuzi aliteuliwa na Rais wa CCM mwaka 2012.

*Inakugharimu nini.* Fedha, karibu hakuna. Gharama yake ni miaka 15 au 20 ya kuwa mtu anayejulikana kwa kazi yake, kisha kusubiri simu ambayo huenda isilie.

*Kazi ukishaapa.* Mara nyingi wizara, au majukumu mengine mazito, tena mapema. Dkt. Tulia Ackson aliteuliwa Novemba 2015 na siku chache baadaye akawa Naibu Spika. Jimbo huna, mkoa huna, kikundi cha kukulilia huna.

*Nani anaweza kukuondoa.* Uwaziri unaweza kwenda kwa taarifa ya Ikulu ya usiku mmoja. Balozi Liberata Mulamula aliteuliwa mbunge na Waziri wa Mambo ya Nje 2021, na uwaziri ukaisha Oktoba 2022. Kiti cha bunge hubaki, lakini mbunge wa kuteuliwa asiye na wizara hana ajenda ya mtu yeyote ya kusukuma.

*Unapanda hadi wapi.* Inategemea unaugeuzaje uteuzi huo. Mbatia alichukua Vunjo 2015, Muhongo Musoma Vijijini mwaka huohuo. Mwaka 2020 Tulia alichukua Mbeya Mjini, Ndalichako Kasulu Mjini, Mpango Buhigwe. Wote walianza kwenda "nyumbani" mapema, muda ungali upo.

Yanayoangusha mbunge yeyote, apitie popote

Kukosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika kunafuta ubunge. Angalia neno "mikutano": mkutano mmoja wa Bunge una vikao vingi, hivyo hesabu si ya siku. Joshua Nassari wa Arumeru Mashariki aliupoteza hivyo Machi 2019. Miezi mitatu baadaye Spika alitangaza kiti cha Tundu Lissu, Singida Mashariki, kuwa wazi, akitaja kutotoa taarifa za alipo na kutowasilisha tamko la mali, wakati Lissu alikuwa nje ya nchi akitibiwa baada ya kupigwa risasi Dodoma Septemba 2017. Ulikubali uamuzi ule au uliukataa, fundisho la makaratasi ni lilelile: omba ruhusa kwa maandishi, chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na tamko la mali lifike Sekretarieti ya Maadili kabla ya Desemba 31 kila mwaka.

Chama chenyewe nacho kinaweza kukuweka nje. Chadema haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili 2025, Tume ikaitoa kwenye uchaguzi, na waliokuwa wakijiandaa chini yake walikosa jimbo na viti maalum kwa siku moja.

Kwa hali yako

Wewe ni mwanaume chini ya miaka 40, huna jina kubwa: una jimbo tu. Anzia udiwani. Kata moja inakufundisha wajumbe, halmashauri na bajeti kwa gharama ndogo, na ukishindwa hujauza nyumba.

Wewe ni mwanamke mwenye msingi ndani ya jumuiya ya chama, fedha kidogo: viti maalum, huku ukichagua jimbo lako mapema kimyakimya. Ingia na mpango wa kutoka.

Wewe ni mwanamke ambaye tayari kata zako zinakujua, na una kikundi au biashara inayokufikisha vijijini: nenda jimboni moja kwa moja. Viti maalum vitakurudisha nyuma miaka mitano na kukupa bosi ambaye hukumhitaji.

Uko chama cha upinzani: kwanza pima uwezekano wa asilimia 5 kwa macho makavu. Uwezekano huo ukiwa mdogo, jimbo moja mnaloweza kulilinda kituo kwa kituo lina maana kuliko namba moja kwenye orodha.

Wewe ni mhadhiri, daktari, mchumi au balozi: fanya kazi yako vizuri na usiuweke uteuzi kwenye mipango yako. Ukija, siku ya kwanza anza kutafuta jimbo.

Uko Zanzibar: amua kwanza kama unataka Baraza la Wawakilishi au Bunge la Muungano. Mambo mengi yanayomgusa mpiga kura wa Unguja na Pemba kila siku, kama shule, hospitali na ardhi, yako Barazani.

Kwa mlango wowote, kalenda imeshaanza. Kama uko CCM, uchaguzi wa ndani wa chama uko 2027, na humo ndimo watakamopatikana viongozi wa matawi, kata na jumuiya utakaowakuta wakipiga kura za maoni 2030. Serikali za mitaa ni 2029. Anayeanza kuzunguka Juni 2030 atawakuta wajumbe wameshakunywa chai ya watu wengine miaka mitatu.